Vifuniko vya darubini ya bunduki: ninunue aina gani, na bawaba ikae upande upi?

Swali: Mimi ni mbeba bunduki katika kampuni ya uwindaji wa kitalii, na kazi zetu nyingi ziko Rungwa. Wageni huja na darubini za bei kubwa. Wengine wana vifuniko vya kufunguka kwa kitufe, wengine vya mpira, wengine hawana kitu. Msimu huu mwindaji bingwa wangu amenipa kazi ya kutafuta vifuniko vya bunduki tatu za kampuni: .300 Winchester Magnum yenye darubini ya lenzi ya milimita 50, .30-06 yenye lenzi ya milimita 42, na .375 H&H yenye darubini fupi ya 1-5x24 (ukuzaji wa mara 1 hadi 5, lenzi ya milimita 24). Ninunue aina gani, na vikishafungwa vifungukie wapi? Kila ninayemuuliza ana lake.

Jibu: Ndugu yangu, ahsante kwa kutaja bunduki zote tatu na darubini zake, maana bila hivyo nisingeweza kukujibu. Nianze na hiyo ya mwisho kwa sababu ndiyo yenye hatari. Hiyo .375 usiiwekee vifuniko vya kitufe.

Bunduki ya nyati inaweza kuhitajika ndani ya sekunde mbili, kichakani, mgeni mapigo ya moyo yamempanda. Mtu wa namna hiyo atafungua kifuniko kimoja na kusahau cha pili, aweke jicho, akute giza. Halafu darubini ya 1-5x24 kwa mbele ni bomba lililonyooka, haina mdomo mpana wa kukusanya vumbi na michubuko kama hizo nyingine mbili. Inatosha kuifunika kwa mpira unaovutwa mara moja ukatoka mbele na nyuma kwa pamoja. Mpira huo ukae wakati bunduki iko garini na wakati mnatembea mahali peupe. Nyayo zikishaingia kichakani, au mnyama akishajeruhiwa, mpira unaingia mfukoni mwako na haurudi mpaka kazi iishe. Wapo wawindaji bingwa wanaokwenda mbali zaidi, wanaivua darubini yenyewe kwenye vishikio vya kufunguka haraka na kumfuata nyati aliyejeruhiwa kwa vilengeo vya chuma. Huo ni uamuzi wake yeye. Wewe hakikisha tu kifuniko ulichochagua hakimcheleweshi.

Mpira wa dukani ukikosekana, tyubu kuukuu ya Land Cruiser inatosha kabisa. Ikate kwa kukingama upate pete yenye upana wa sentimita 5 au 6. Ndani kuna unga mweupe, uoshe kwa sabuni mpaka uishe, kisha uache mpira ukauke vizuri, maana unga huo ukibaki utaishia kwenye lenzi. Pete hiyo unaipitisha ubavuni, kushoto na kulia kwa darubini, ncha moja inafunika lenzi ya mbele na nyingine lenzi ya jicho. Iwe fupi kidogo kuliko darubini ili ivutike na kubana. Kuitoa, unaivuta kwa kidole kutoka nyuma na inaruka yenyewe. Haina sauti, haina kitufe, haivunjiki, na ikipotea unakata nyingine.

Sasa tuje kwa .300 na .30-06, ambazo kwa kawaida mnyama wake huwa mbali na mpigaji ana nafasi ya kujipanga. Hapa vifuniko vya bawaba vina faida. Lakini tuelewane kwanza vinakinga nini, maana ukishalijua hilo utachagua vizuri hata nikiwa sipo.

Msimu unapofunguliwa tarehe 1 Julai nyasi zimekauka, na wiki chache baadaye sehemu kubwa ya miombo imeungua. Gari moja likipita kwenye barabara ya kitalu, la nyuma linakula vumbi na majivu. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za silika, yaani mchanga uliosagika. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs silika ni 7, wakati kioo cha kawaida kiko kati ya 5 na 6. Juu ya kioo cha darubini pia kuna tabaka la kuzuia mng'ao, kazi iliyoanzishwa na Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss mwaka 1935, na tabaka hilo ni jembamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara mia. Vumbi likitua tu juu ya lenzi halina madhara makubwa. Madhara yanakuja pale mtu anapochukua ncha ya shati na kufuta: hapo anasugua kitu kigumu juu ya kitu laini. Kwa hiyo kazi kubwa ya kifuniko ni kupunguza idadi ya mara ambazo lenzi italazimika kufutwa. Kifuniko kinachoruhusu vumbi kupenya, hata kama kinaonekana cha kisasa, hakijafanya kazi.

Ndiyo maana garini kifuniko cha bawaba peke yake hakitoshi. Bunduki inayosimama kwenye rafu nyuma ya kebini, siku nzima, inahitaji soksi ya neoprini, ule mpira laini wa nguo za wazamiaji, inayovaa darubini yote, vifundo vya kurekebishia shabaha vikiwa ndani. Soksi hii inakinga pia migongano midogo ya safarini. Chini ya soksi unaweza kuacha vifuniko vya bawaba vikiwa vimefungwa. Mkishuka kutembea, soksi inabaki garini.

Kuhusu aina yenyewe, katika vile vya kusukumiwa juu ya mdomo wa darubini, Butler Creek ndivyo utakavyovikuta kwa wingi na bei yake ni ya chini. Vortex Defender navyo ni vya kusukuma. Tenebraex wanatengeneza vigumu zaidi, na kuna vya aluminiamu vinavyofungwa kwa nyuzi za skrubu kwenye mdomo wa lenzi. Ukinunua vya skrubu hakikisha vina pete ya kukaza, kwa sababu nyuzi zikiisha kifuniko kinasimama popote kilipofika na bawaba inaweza kuelekea chini. Kwa bunduki za kampuni, zinazoshikwa na watu wengi, mimi ningenunua vya kusukuma na kuweka jozi ya akiba. Plastiki iliyopigwa na jua misimu kadhaa hukauka, na mara nyingi inayokufa kwanza ni bawaba au springi. Ukikibofya na kikafunguka kwa uvivu, kibadilishe.

Vipo pia vyenye dirisha angavu, ambavyo wauzaji husema unaweza kupiga bila kuvifungua. Nakushauri uachane navyo. Umelipia kioo kilichosuguliwa kwa ustadi, halafu unaweka mbele yake kipande cha plastiki ambacho kitachubuka katika wiki ya kwanza. Asubuhi na jioni, wakati mwanga ni mchache na tandala ndiyo wanatoka, hicho kipande kinakunyima mwanga uleule unaouhitaji.

Kipimo ndicho kinachowakwamisha wengi. Maandishi «50» au «42» kwenye darubini ni kipenyo cha lenzi, na kifuniko kinavaa nje ya chuma kinachoizunguka. Darubini ya milimita 50 kwa nje inaweza kufika 57 au 58, na watengenezaji hawalingani, hivyo usiagize kwa namba ya lenzi. Kama huna kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, chukua ukanda wa karatasi, uzungushe kwenye mdomo wa mbele palepale kifuniko kitakapokaa, weka alama unapokutana, unyooshe juu ya rula, kisha gawanya kwa 3.14. Ukipata urefu wa milimita 182, kipenyo chako ni 58. Fanya vivyo hivyo nyuma, kwenye jicho. Huko nyuma angalia kama kuna pete ya mpira: pima juu yake kama haitoki, na kama inatoka amua kwanza utaiacha au utaiondoa. Rudia kipimo mara mbili, kwa sababu kosa la milimita moja linatosha kukifanya kifuniko kilegee.

Kikibana sana, kiloweke kwenye maji ya moto dakika chache, plastiki italainika na kuingia bila kulazimishwa. Kikilegea kidogo, zungusha tepu ya fundi umeme raundi moja kwenye mdomo wa darubini kisha sukuma. Usitumie gundi. Gundi inatambaa, mvuke wake unatua kwenye lenzi, na siku ya kubadilisha kifuniko utajuta.

Kabla hujavifunga: mwenye leseni ya silaha awepo, magazini itolewe, chemba iangaliwe kwa macho na kwa kidole, bolti (kile chuma chenye mkono kinachosukuma risasi ndani ya chemba) itoke nje. Sikuambii kwa desturi tu. Utakuwa unafanya kazi uso wako ukiwa karibu na bunduki, ukiigeuza huku na huku, mara nyingine mbele ya mtutu.

Jambo la kwanza la kukagua baada ya kufunga ni nafasi kati ya kifuniko cha mbele na mtutu. Hapa hiyo .300 yenye milimita 50 ndiyo ninayoihofia. Fundi wengi hupenda kuifunga darubini chini kadiri inavyowezekana, na pete ya kifuniko inaongeza milimita kadhaa kuzunguka mdomo. Ikigusa mtutu, kila mtutu unapotikisika kwa risasi unaisukuma darubini, na shabaha inahama bila mtu kuelewa kwa nini. Pitisha karatasi ya kawaida kati ya kifuniko na mtutu, kutoka mbele hadi kwenye pete zinazoishikilia darubini juu ya bunduki. Ikipita bila kukwama, kunja karatasi mara mbili upitishe tena, kwa sababu mtutu wa moto na mkono unaobana mbao ya mbele hupunguza nafasi. Ikikwama, usikate kifuniko kwa kisu ili kipate nafasi. Tumia mpira au soksi kwa bunduki hiyo, au mpelekee fundi aweke pete ndefu zaidi, na baada ya hapo bunduki lazima irudi kwenye karatasi ya shabaha.

Sasa bawaba, jambo ulilouliza hasa. Nitachukulia mpigaji wa mkono wa kulia na bolti iliyo kulia. Kwa mgeni wa kushoto mwenye bunduki ya bolti ya kushoto, geuza kila kitu nitakachosema.

Kwenye vifuniko vingi vya kusukuma, kitufe kiko upande wa pili wa bawaba. Hilo ndilo watu hulisahau. Ukiweka bawaba ya mbele juu kabisa, kwa kuona kwamba ndiko kunakoleta picha safi, kitufe kinakwenda chini kabisa, kati ya darubini na mtutu, mahali ambapo kidole hakiingii na ambapo hata milimita mbili ni za thamani. Kwa hiyo bawaba ya mbele ielekeze juu ikiinamia kulia, na kitufe kitatokea chini kushoto. Huko ndiko mkono wa kushoto, unaoshika mbao ya mbele, unaweza kunyoosha kidole na kukibofya bila kuachia bunduki. Faida ya pili ni kwamba kifuniko kikifunguka kulia hakikingi jicho la kushoto. Wapigaji wazuri huacha macho yote mawili wazi, hasa mnyama akiwa anatembea, na kifuniko kilichosimama upande wa kushoto kinamfunika nusu ya kundi asilione.

Nyuma mambo ni tofauti kwa sababu kuna mkono wa bolti. Hapa bawaba iwe juu, ikiinamia kushoto kidogo tu. Ikiwa kulia, kifuniko kilichofunguka kinasimama njiani pa mkono unaoinua bolti, na risasi ya pili inachelewa au kifuniko kinang'oka. Ikiwa kushoto kabisa, tunarudi kwenye lile la jicho la kushoto. Kitufe kitakuwa chini upande wa kulia, kidole gumba cha mkono unaoshika kitako kinakifikia. Ukishafunga, rudisha bolti, chemba ikiwa tupu, uifungue na kuifunga polepole kifuniko kikiwa kimefungwa, halafu kikiwa wazi. Angalia kama mkono wa bolti unagusa kitufe unapopanda. Kama bunduki ni ya zamani, ya Mauser 98 yenye sefti (kizuizi cha usalama) inayozunguka juu ya bolti, jaribu sefti nayo kwenye nafasi zake zote tatu.

Chagua kifuniko kinachofunguka na kulala nyuma kabisa juu ya darubini. Kile kinachosimama wima kama bendera kitanaswa na kila tawi, na upepo ukikipiga kinatikisa mkono wa mpigaji. Ukikuza kidogo, mara 3 au chini, kifuniko cha mbele kilichosimama nusu kinaweza hata kuonekana pembeni mwa picha. Weka jicho, shusha ukuzaji hadi mwisho, uone mwenyewe.

Kuna darubini ambazo kipande chote cha jicho huzunguka unapobadilisha ukuzaji, Nightforce NXS ikiwemo. Kwa darubini ya namna hiyo bawaba ya nyuma inazunguka nayo: umeiweka juu kwenye mara 5, ukifika juu ya kipimo imehamia ubavuni. Basi weka kwenye ukuzaji ambao bunduki hubebwa nao, ambao porini ni ule wa chini, halafu zungusha hadi mwisho mwingine uhakikishe haigongi bolti. Hata kwenye darubini za kawaida, kumbuka pete ya kurekebisha ukali wa picha iko hapohapo kwenye jicho. Ukisukuma kifuniko kwa nguvu za kuzungusha unaiharibu picha ya mwenye bunduki. Shika kipande cha jicho kwa mkono mmoja, sukuma kwa mwingine moja kwa moja bila kuzungusha, kisha ukishamaliza mwombe mwenye bunduki aangalie ukali wa picha tena.

Kifuniko cha nyuma pia kinakula nafasi ya paji la uso. Umbali wa jicho unaotajwa na mtengenezaji, ambao mara nyingi ni karibu milimita 90, hupimwa kutoka kwenye kioo, na pete ya plastiki inatokeza nyuma ya kioo hicho. Kwa .30-06 mgeni hatalihisi. Kwa .300 iliyofungwa darubini nyuma mno, au mgeni anayepiga amelala kichwa kikiwa mbele, teke la bunduki litaleta ukingo huo kwenye nyusi zake. Hii ni sababu nyingine ya kutoweka plastiki ngumu nyuma ya .375.

Sauti nayo ni ya kuangalia. Springi ya kifuniko inapokirusha, kinagonga darubini kwa mlio mkavu ambao tandala aliye mita 80 anausikia. Mfundishe mgeni kubofya huku kidole kingine kikikipokea kifuniko na kukilaza taratibu. Kwenye kibanda cha chui usingoje kabisa: vifuniko vyote viwili vifunguliwe mnapoingia, kabla hamjakaa, na vibaki wazi mpaka mtoke. Kwenye matembezi ya kawaida, utaratibu mzuri ni kufungua mwindaji bingwa anapoweka ile mihimili mitatu ya kuegemeza bunduki, kwa mpangilio uleule kila siku, mbele kwanza halafu nyuma. Ukianza na nyuma, mgeni huweka jicho mapema na kushangaa giza la mbele.

Halafu kuna maji, ambayo vifuniko vinaweza kuyageuza kuwa tatizo kubwa kuliko vumbi. Darubini nzuri imejazwa naitrojeni au agoni ndani, haipati ukungu kwa ndani. Lakini nje, mvua au umande ukinaswa chini ya kifuniko kilichofungwa, hewa haipiti, na lenzi inakaa na unyevu usiku kucha. Ikirudiwa, hasa bunduki zikihifadhiwa sehemu zenye joto na unyevu kama pwani, kuvu huota juu ya kioo na kula lile tabaka la kuzuia mng'ao. Hakuna kitambaa kinachoiondoa alama hiyo. Mkirudi kambini na bunduki imelowa, fungua vifuniko vyote, toa soksi, iache ndani ya hema mahali penye hewa, mbali na moto wa kambi. Soksi ya neoprini iliyolowa isirudi kwenye darubini mpaka ikauke yenyewe kwenye kamba. Ukikuta lenzi ina vumbi na maji pamoja, acha maji yakauke, puliza kwa pulizo la mpira, pitisha brashi laini, na mwisho kabisa, kama bado kuna alama, tumia kitambaa cha lenzi chenye dawa yake. Usipulize kwa mdomo, mate nayo yanaacha madoa.

Ukishapata upande unaokubali, weka tone la rangi nyeupe kwenye pete ya kifuniko na jingine mbele yake kwenye darubini, juu ya chuma, mbali na kioo. Kifuniko kikizungushwa na mkanda wa begani au na mtu mwingine, utakirudisha kwa kutazama mara moja. Kwa darubini za wageni usiweke rangi wala tepu. Omba ruhusa kabla hata ya kugeuza bawaba, mwonyeshe mkono wa bolti unapogonga, na umwachie aamue. Vifuniko vya kampuni vivue msimu unapoisha, vioshe kwa maji ya uvuguvugu, na vihifadhi kwenye boksi pamoja na vipakiti vya silika jeli vya kunyonya unyevu, bunduki zenyewe zikibaki stoo bila kifuniko chochote juu ya kioo.